Mwanachama Aliyeuliza Vizuri

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Chujio siku hiyo ilikuwa kadi ya plastiki iliyoandikwa MGENI kwa herufi nyekundu, ikining'inia shingoni mwake. Kadi za wenyeji zilifungua milango. Ya kwake ilifungua midomo tu: "Mama, unasindikizwa na nani?" Tangu asubuhi alikwisha kuomba kusindikizwa msalani mara mbili, mwanamke wa miaka hamsini na sita, aliyestaafu upelelezi wa polisi na cheo ambacho kingewafanya wale vijana wa mapokezi wasimame wima.

Jina la Chujio alibandikwa hukohuko polisi. Ukimpa maelezo ya kurasa arobaini alikurudishia mistari mitatu, makapi akakuachia mwenyewe. Sasa alikuwa na ofisi yake binafsi ya uchunguzi, na kampuni hii ilimwita Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatatu, saa nane mchana. Saa kumi alitakiwa awe amesaini ripoti.

Chumba alichopewa kilikuwa cha kurekodia. Kuta zote zilibandikwa sponji nyeusi, dirisha hakuna, na mlango ulikuwa mzito, unaojifunga wenyewe na kufunguka kwa kadi tu, uwe unaingia au unatoka. "Hapa utasoma kwa utulivu, hakuna kelele," Mkurugenzi alikuwa amemwambia. Kweli kelele hazikuwapo. Hewa nayo haikuwapo.

Mezani palikuwa na mlima wa karatasi na ripoti ya kurasa tatu ambayo mtu alikwisha kumwandikia, imebaki saini tu. Hiyo ndiyo iliyomuudhi kuliko joto.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni ile ilikuwa na mtambo wa kuwatumia wagonjwa ujumbe wa simu kwa niaba ya zahanati: siku ya kliniki, majibu ya vipimo, kumbusho la dawa. Waliouunganisha mtambo huo na zahanati hawakuwa wafanyakazi wake. Walikuwa waandaa programu wa nje, watu wa kujitegemea elfu tisa na ushee, wanaokutana kwenye jukwaa la mtandaoni kuulizana na kujibizana. Aliyewalea watu hao, akawaandikia miongozo, akawajibu na kuwaandalia mikutano ya Jumamosi, alikuwa mwajiriwa mmoja, mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Cheo chake kilisomeka Mlezi wa Jamii, na kila mtu alimwita Mlezi, basi.

Jumanne iliyopita, saa nne na dakika moja asubuhi, mwanachama anayejiita Nyuki alibandika swali jukwaani pamoja na mistari ya programu yake. Katikati ya mistari hiyo ulikuwamo ufunguo mkuu wa mtambo, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu ambao mwenye nao anaweza kumwandikia mgonjwa yeyote kwa jina la zahanati yake. Ulikaa hadharani dakika kumi na moja, kisha swali likafutwa. Kesho yake wagonjwa elfu sita wa dawa za kila siku wakapokea ujumbe: Dawa zako zimesitishwa, usinywe tena mpaka utakapoitwa. Nani aliutuma, hakuna aliyejua. Wagonjwa walitii, kama wanavyofundishwa siku zote kutii. Kufikia Ijumaa wawili walikuwa wamelazwa, mmoja hajitambui.

Aliyekamatwa ni Kinyozi. Hilo halikuwa jina la kupanga. Alikuwa kinyozi kweli, mwenye viti viwili na kioo kirefu, aliyejifunza kuandaa programu kati ya kichwa kimoja na kingine. Jukwaani alikwisha kuwajibu wenzake maswali mia saba bila kulipwa hata soda. Cheti cha Mchangiaji Bora alichopewa na Mlezi alikitundika pale ambapo vinyozi wenzake hutundika picha za mitindo. Polisi walikuwa na mambo mawili juu yake. Kwanza, Nyuki aliwahi kuingia jukwaani kwa mtandao wa kinyozini kwake. Pili, ndani ya simu yake ilikutwa picha ya ule ufunguo. Ripoti iliyokuwa mezani ilijumlisha mawili hayo ikapata moja: Nyuki ni Kinyozi.

Jana Chujio alimfuata mahabusu. Alimkuta kijana mwembamba, hana hata hofu ya kutosha.

"Mama, muulizeni Dada Mlezi," alisema. "Nilimwandikia palepale nilipouona. Picha niliipiga ili aone. Atawaambia."

Mlezi alikwisha kuulizwa. Alisema hakupata ujumbe wowote. Jukwaa likapekuliwa, ujumbe haukuwamo, si kwa Mlezi wala kwa Kinyozi mwenyewe. Mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo, na huu mtego ungefungwa saa kumi, jalada likienda kwa mwendesha mashtaka.

Chujio akaisukuma ripoti pembeni, akarudi kwenye mlima wa karatasi. Hakujua programu, angeonyeshwa mstari wa programu na mstari wa chawa asingetofautisha. Alichojua ni watu wanavyouliza na wanavyojibu, na humo mlikuwa na maswali mia sita aliyoanza kuyasoma tangu Ijumaa.

Yalikuwa maswali ya watu wazima wanaolia. Jamani haifanyi kazi. MSAADA HARAKA BOSI ANANICHINJA. Nimejaribu kila kitu, na ukisoma unaona hajajaribu kitu. Hata Kinyozi, swali lake la kwanza lilikuwa na maneno matatu: Wakuu, kitu kimegoma. Juu kabisa ya jukwaa palikuwa na mwongozo uliobandikwa na Mlezi, Namna ya Kuuliza Vizuri, hatua saba: taja toleo, taja kosa kwa maneno yake, eleza ulichojaribu, na kuendelea. Watu waliupita kama wanavyopita tangazo la usikojoe hapa.

Isipokuwa Nyuki. Maswali yake arobaini na moja yalikuwa na hatua zote saba, kwa mpangilio, na salamu juu.

Chujio akayasoma mara mbili. Kisha akavuta karatasi ya tatu, orodha ya tarehe. Kisha ya nne, ambayo fundi wa mitambo alimchapia asubuhi kwa shingo upande: nambari za ujumbe wa faragha, moja baada ya moja. Hapo akavua miwani, akabonyeza kitufe cha ukutani.

"Niitieni Mlezi," alisema.

Mlezi aliingia na laptopu kifuani. Mlango ukajifunga nyuma yake taratibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Aliketi kwenye kile kiti ambacho huketi akirekodi mafunzo, na kwa mazoea akaitazama kamera iliyokuwa imezimwa. Macho yake yalikuwa na wekundu wa mtu asiyelala siku nyingi. Hapa ofisini walisema ni kwa uchungu wa jamii yake.

"Huu mwongozo wa kuuliza ni wako?"

"Wangu."

"Mzuri. Wangapi wanaufuata?"

Mlezi akacheka kidogo. "Mama, mtu akikwama amekwama. Hasomi mwongozo. Anakuja mbio anamwaga kilio chake, unamfuta machozi kwanza ndiyo unamuuliza toleo."

"Hata mmoja hafuati?"

"Labda wachache."

"Nimesoma maswali mia sita. Ni mmoja tu. Nyuki."

Mlezi aliirekebisha laptopu yake, ijapokuwa ilikuwa sawa. "Ni mwanachama mzuri."

"Mzuri mno. Hajawahi kukwama mara mbili pahala pamoja. Unamjibu, anashukuru, ameelewa, kwisha. Nimehoji watu miaka thelathini, sijakutana na binadamu anayeelewa jibu kwa mara ya kwanza. Hata mume wangu."

"Wapo watu makini."

"Wapo. Wengine unawajibu baada ya muda gani?"

"Inategemea. Saa mbili, tatu. Niko peke yangu."

"Nyuki unamjibu kwa dakika nne. Hili hapa jibu la kurasa mbili, lina vielelezo, dakika nne. Unachapa kwa vidole vingapi?"

Mlezi akaitazama tena kamera iliyozimwa.

"Mwaka jana ulikuwa na likizo ya uzazi," Chujio aliendelea, kidole kwenye orodha ya tarehe. "Miezi mitatu. Miezi hiyohiyo mitatu Nyuki hakuuliza swali hata moja. Naye alijifungua?"

"Mama, huwezi kumhukumu mtu kwa..."

"Sijamhukumu mtu. Aliyehukumiwa yuko mahabusu, anakaa na wezi wa nyaya. Tuje kwenye mtandao wa kinyozini. Nyuki aliingia kwa mtandao huo mara moja tu, Jumamosi ya tarehe kumi na nne, saa tano asubuhi. Siku hiyo kulikuwa na nini pale?"

Mlezi alijua kwamba jibu lilikuwa jukwaani kwa kila mwenye macho. "Mkutano wa wanachama," alisema. "Kinyozi alijitolea ukumbi."

"Na picha hii uliibandika wewe. Watu kumi na sita. Kinyozi ameshika mashine, ananyoa mteja. Hata mkutano haukumsimamisha. Mwenye laptopu magotini ni mmoja tu, ameketi kiti cha pili." Akaigeuza karatasi. "Nimekosea kuona?"

Mlezi akasimama. "Naomba nikanywe maji."

"Nenda."

Akaenda mlangoni, akaiweka kadi yake kwenye kisomeo. Taa ikawaka nyekundu. Akaifuta kadi kwenye sketi, akaiweka tena. Nyekundu. Akaibonyeza kwa kiganja kizima kama mtu anayeziba jeraha.

"Asubuhi ilikuwa inafanya kazi," alisema, mgongo umeelekea chumbani.

"Nani huzizima kadi?"

"Mkurugenzi."

"Basi karibu ugenini," Chujio alisema. Hakusema kwa ubaya. Alimwonea huruma, na kwa miaka thelathini alikwisha kujua kwamba huruma haimzuii mtu kuuliza swali linalofuata. Alimsogezea chupa yake ya maji, iliyobaki nusu. Mlezi aliimaliza yote akiwa amesimama, kisha akarudi kitini.

"Ni mimi," alisema. "Nyuki ni mimi."

"Endelea."

"Usione vyaelea, mama, vimeundwa. Naanza kazi hapa, jukwaa lina watu kumi na mmoja, kimya kama nyumba iliyohamwa. Hakuna mtu anayetaka kuwa wa kwanza kuonekana mjinga. Kwa hiyo unapanda mbegu. Unajitengenezea mtu, anauliza kile ambacho unajua wengi kimewakwamisha, unamjibu. Mwingine anaona, ah, kumbe hapa watu wanauliza, naye anauliza. Wenye kazi kama yangu wengi wanafanya. Mwezi mmoja, miwili, halafu unawaua wale watu wako kimyakimya."

"Hukuwaua."

"Bosi alikataa. Wako kumi na wanne: Nyuki ndiye wa kuuliza, wengine wa kushukuru na kupongeza. Kila mwezi idadi ya wanachama hai inaonyeshwa kwa hospitali zinazofikiria kujiunga, na hao kumi na wanne ndio hai kuliko wote." Akapangusa jasho juu ya mdomo. "Wanachama hewa. Nilisaini karatasi kwamba ni siri ya kampuni."

"Na Jumanne?"

"Jumanne nilikuwa namwandikia Nyuki swali. Mimi siwezi kubandika mistari ambayo haijajaribiwa, ni aibu. Kwa hiyo niliijaribu kwanza kwenye mtambo wa kweli, na ufunguo wa kweli. Ikakubali. Ukishamaliza kujaribu, unautoa ufunguo, unaandika 'weka ufunguo wako hapa'. Mwongozo wa kufanya hivyo nimeuandika mimi, mama. Nimewafundisha watu elfu tisa." Akaanza kulia. "Simu ikalia, nikazungumza, nikarudi, nikabandika."

Chujio aliandika mistari mitatu kwenye daftari lake. Kisha akageuza ukurasa.

"Hilo ni kosa," alisema. "Mtu hukosea. Sasa nieleze ujumbe nambari elfu nne mia nne kumi na nane."

Uso wa Mlezi ulibadilika. Mpaka hapo alikuwa akilia kama mtu aliyefika mwisho, kumbe alikuwa ameficha chumba kimoja zaidi.

"Kila ujumbe wa faragha jukwaani una nambari," Chujio alisema. "Ukifutwa, unakwenda na maneno yake, lakini nambari haipewi mwingine. Elfu nne mia nne kumi na saba umetumwa Jumanne saa nne na dakika tatu. Kumi na tisa, saa nne na dakika kumi na tatu. Kumi na nane haupo. Wenye uwezo wa kufuta ujumbe wa watu wawili kwa mpigo ni wewe na fundi wa mitambo. Nilianza na yeye, maana ana roho mbaya na ningefurahi. Lakini orodha inaonyesha ulifutwa Jumatano saa tisa mchana, na saa ile alikuwa kwa daktari wa meno, mdomo wazi, na daktari amenithibitishia."

Mlezi akaikumbatia laptopu yake.

"Ujumbe huo ulisema nini?" Chujio akauliza.

Mlezi aliusema kwa moyo, neno kwa neno, macho yamefumbwa. "Dada, kuna mwenzetu Nyuki kaweka ufunguo hadharani bila kujua. Nimekupigia picha uone. Ufute haraka. Halafu usimseme vibaya mbele za watu, nadhani bado mgeni."

Chujio aliweka kalamu chini. Ilibidi aiweke.

"Nilifuta swali," Mlezi alisema. "Halafu ilinipasa niubadilishe ufunguo, dakika ileile. Lakini ukiubadilisha, zahanati mia nne zinakatika mpaka kila mmoja aweke mpya, na lazima utoe maelezo. Nikasema, dakika kumi na moja tu, nani ameuona? Kinyozi pekee, na Kinyozi ni wetu. Sikuubadilisha. Kesho yake watu wakaambiwa wasinywe dawa. Na ule ujumbe ulikuwa na saa yake, mama. Ungeonyesha kwamba nilijua tangu Jumanne saa nne na dakika kumi na moja. Nikaufuta. Hapo hata hawakuwa wamemkamata, naapa. Walipomkamata nikasema watamwachia, hana kosa. Halafu nikaulizwa, nikasema sikupata kitu."

"Unajua kwamba bado anakutaja wewe kama shahidi wake?"

"Najua."

Mlango ukafunguka. Mkurugenzi aliingia na hewa kidogo ya korido, ambayo mlango uliikata mara moja. Alikuwa mwanamume nadhifu, mwenye sauti ya chini, aina ya mtu anayekuvutia kiti huku anakutia kitanzi.

"Mama yangu, joto limewachosha. Tumefikia wapi?"

"Nyuki si Kinyozi."

"Aha." Hakushtuka hata kidogo, na Chujio aliliandika hilo kichwani.

"Ulikuwa unajua."

"Mimi najua mambo mengi, mama. Najua kwamba jamii ile ikisikia ina wanachama hewa, itavunjika wiki moja. Zahanati mia nne zitajitoa. Wagonjwa laki mbili hawatakumbushwa dawa. Kijana yule hana rekodi mbaya. Tutamtafutia wakili mzuri, miezi michache yatakwisha. Pima mwenyewe."

"Nimepima. Kuna mtu amelala hospitali hajitambui, na aliyemponza hajatafutwa kwa sababu mmeshampata wa kumkalisha pale."

"Kifungu cha tisa cha mkataba wako," Mkurugenzi alisema kwa upole uleule. "Utakachogundua humu ni mali ya kampuni. Neno likitoka, leseni yako ya uchunguzi inatoka nalo. Dada yetu naye ana karatasi yake. Usiposaini, si neno. Polisi wana mtandao na wana picha, jalada litakwenda hivyohivyo." Alitazama saa. "Nitarudi saa kumi na kalamu."

"Kalamu ninayo. Mfungulie huyu kadi yake."

"Saa kumi," Mkurugenzi alisema, akatoka.

Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na tano. Mlezi aliifungua laptopu, vidole vikaanza kukimbia. Chujio akamzunguka, akasoma juu ya bega lake. Wapendwa wanajamii, ilianza. Leo nawaandikia kwa moyo mzito. Safari yetu ya miaka minne imejengwa juu ya kuaminiana...

"Unafanya nini?"

"Nawaambia. Wote. Kabla hajanifungia akaunti."

"Mstari wa tano huu, sijamwona Kinyozi."

"Nakuja. Lazima waelewe kwanza, nikianza ghafla watafikiri..."

"Watu elfu tisa wana muda wa kuelewa. Mmoja ana dakika ishirini na tano." Chujio alitoa simu yake mfukoni, akaenda mpaka pembe ya mlango, mahali pekee ambapo mtandao ulionyesha kijiti kimoja. Alipiga kwa kidole gumba, akaweka sauti ya nje.

"Mkataba wako?" Mlezi alinong'ona.

"Mkataba unanikataza kusema. Haunikatazi kumwazima mtu simu."

Upande wa pili ilipokelewa na mpelelezi wa zamu, ambaye miaka kumi iliyopita Chujio alimfundisha kuandika maelezo, na mara mbili alimchania.

"Shikamoo, afande!"

"Marahaba. Kijana wa ufunguo yuko wapi?"

"Yuko hapa mezani kwangu. Namsomea maelezo yake asaini, jalada liondoke."

"Mimi sina neno la kukuambia. Kuna mtu hapa ameniomba simu. Weka sauti ya nje."

Akaunyosha mkono. Mlezi aliitazama ile simu. Alikuwa hodari wa kusema na watu elfu mbele ya kamera, wala hakuwa na aibu ya sauti yake. Sasa alifika pembeni pale hatua kwa hatua, akashika simu kwa mikono miwili, na kilichotoka kwanza kilikuwa pumzi tupu.

"Haloo? Nani mwenzangu?" mpelelezi aliuliza.

"Mimi... kuna kitu... nataka kusema kuhusu ile... kuhusu Jumanne."

"Dada Mlezi!" Ilikuwa sauti nyingine, ya mbali kidogo, iliyojaa furaha. Miaka minne Kinyozi alikuwa akiisikiliza sauti ya Mlezi kwenye mafunzo, huku amemfunga mteja kitambaa shingoni. Angeitambua hata katika usingizi. "Afande, ndiye huyo! Si niliwaambia? Dada, nilijua tu, akipata nafasi atapiga. Ule ujumbe wangu uliuona, sivyo?"

"Niliuona."

"Lini? Mwambie lini."

"Dakika ileile ulipoutuma."

"Andika, afande! Andika hapo, ameuona dakika ileile!" Kinyozi alikuwa anacheka, kicheko cha mtu aliyeanza kuvaa viatu vyake arudi kwake. "Mimi nilidhani nimechanganyikiwa, Dada, maana wameutafuta kila mahali. Sasa ulikwenda wapi?"

Nyuma yao kufuli la mlango liliita. Mkurugenzi alisimama kizingitini, kadi mkononi, kinywa nusu wazi. Amekuja mapema. Chujio alijisogeza, upana wake wote, akasimama kati yake na ile simu.

"Niliufuta," Mlezi alisema. "Yule mgeni uliyeniomba nisimseme vibaya... Nyuki ni mimi."

Kicheko kilikatika. Upande wa pili palisikika kiti kikivutwa, na mlango wa mbali ukigongwa. Mpelelezi ndiye aliyesema.

"Rudia hayo maneno, polepole. Naandika."

Mlezi akarudia.